Uvimbe wa chokaa mwilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wagonjwa, wazazi, na wahudumu wa vituo vya afya vya daraja la tatu na la nne nchini Uganda, ambako mara nyingi donge gumu hupasuliwa au kukandwa kabla ya mtu yeyote kupima damu. Msimamo wetu ni mmoja: kabla ya kisu na kabla ya mikono ya anayechua, pata picha ya eksirei na majibu mawili ya damu, yaani kalsiamu na fosfati.

Huu uvimbe mgumu ni nini hasa?

Ni chumvi ya kalsiamu na fosfati, ile ile inayojenga mfupa na jino, iliyojikusanya mahali isipotakiwa: chini ya ngozi, ndani ya msuli, kwenye kano, kuzunguka kiungo au kwenye ukuta wa mshipa wa damu. Ukitoboka hutoka uji mweupe mzito, wakati mwingine wenye punje zinazokwaruza kidole. Si usaha, ingawa wengi huupa antibayotiki wakidhani ni usaha.

Damu ya kila mtu hubeba madini haya kwa wingi. Hayagandi ovyo kwa sababu mwili una vizuizi vyake, kama vile pairofosfati na protini ya fetuini inayotengenezwa na ini. Uvimbe hujengeka katika hali mbili kuu: tishu imeumia au kufa, na seli zilizokufa zikawa mahali pa madini kushika, au damu imezidiwa na kalsiamu au fosfati kiasi kwamba hata tishu isiyoumia hushikwa.

Kwa hiyo kuna aina ngapi?

Vitabu vina orodha ndefu. Kwa kazi ya kila siku, gawanya kwa majibu ya damu.

Kalsiamu na fosfati zikiwa za kawaida, tafuta jeraha la zamani, sindano, minyoo iliyofia mwilini, kifua kikuu cha zamani, au ugonjwa wa kinga ya mwili. Hili ndilo kundi kubwa kuliko yote. Fosfati ikiwa juu na figo zikiwa mbovu, figo ndizo chanzo. Fosfati ikiwa juu lakini figo ni nzima, hasa kwa mtoto au kijana, fikiria ugonjwa wa kurithi. Kalsiamu yenyewe ikiwa juu, tafuta tezi za parathiroidi (tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu) zinazofanya kazi kupita kiasi, saratani, au vitamini D iliyozidi.

Nipime nini, na vipimo huharibikia wapi?

Anza na kalsiamu, fosfati, albumini (protini ya damu) na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo). Kwa mtu mzima, kalsiamu ya kawaida ni takriban 2.1 hadi 2.6 mmol/L, na fosfati 0.8 hadi 1.5. Maabara ikitoa majibu kwa mg/dL, gawanya kalsiamu kwa 4 na fosfati kwa 3.1. Watoto wana fosfati ya juu kuliko watu wazima. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kufika karibu 1.8 bila ugonjwa wowote, na mtoto mchanga hupita hapo. Usimwite mgonjwa kwa kutumia kipimo cha mtu mzima.

Makosa manne tunayakuta tena na tena. La kwanza ni chupa: damu ya kalsiamu ikiwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, dawa ya EDTA iliyomo hushika kalsiamu yote na majibu huja chini mno. Tumia ya kifuniko chekundu au cha njano. La pili ni mpira wa kufungia mkono: ukikaa umekaza dakika kadhaa huku mshipa ukitafutwa, kalsiamu hupanda kwa uongo. La tatu ni safari. Sampuli iliyokaa saa nyingi bila kutenganishwa seli, au iliyotikiswa kwenye pikipiki mpaka seli zikapasuka, hutoa fosfati ya juu isiyo ya kweli. Ukiona fosfati imepanda na maabara imeandika kwamba seli zimepasuka, rudia kipimo asubuhi, mgonjwa akiwa hajala.

La nne ni albumini. Sehemu ya kalsiamu husafiri ikiwa imeshikana na albumini, kwa hiyo mgonjwa aliyekonda huonekana ana kalsiamu ndogo. Rekebisha hivi: kwa kila gramu 1 kwa lita ambayo albumini imepungua chini ya 40, ongeza 0.02 kwenye kalsiamu. Mfano, kalsiamu 2.35 na albumini 22: pengo ni 18, mara 0.02 ni 0.36, kwa hiyo kalsiamu halisi ni 2.71. Jibu lililoonekana la kawaida kumbe limepita kiwango.

Eksirei ipigwe kwa pande mbili. Altrasaundi husaidia kujua kama ndani kuna majimaji. Homoni ya parathiroidi hupimwa katika maabara kubwa. Usiitafute kabla hujapata majibu ya kwanza.

Niache maziwa na mukene (dagaa)?

Hapana, kama figo zako ni nzima na kalsiamu ya damu ni ya kawaida. Mwili hudhibiti kalsiamu ya damu kwa ukali. Ukinyimwa kwenye chakula, huivuta kutoka kwenye mifupa. Tumeona watoto wakinyimwa maziwa kwa miezi kwa sababu ya donge lililotokana na sindano. Donge halikupungua hata kidogo.

Kinachostahili kuachwa ni vidonge vya kalsiamu na vitamini D ya dozi kubwa vilivyonunuliwa bila kipimo, pamoja na dawa za kiungulia zenye kalsiamu kaboneti zinazomezwa kutwa nzima.

Mtoto ana donge kubwa nyongani, haliumi, na linaendelea kukua. Ni nini?

Moja ya majibu ni kalsinosisi ya uvimbe, ugonjwa uliopewa jina hilo na daktari Alberto Inclán wa Kuba mwaka 1943, na ambao umeripotiwa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Donge hukaa karibu na kiungo kikubwa, hasa nyonga, bega na kiwiko upande wa nyuma. Goti huponea mara nyingi. Mtoto hana homa, anacheza, na donge linaweza kufika ukubwa wa chungwa au zaidi kabla mzazi hajashtuka.

Katika ile ya kurithi, jeni mojawapo kati ya GALNT3, FGF23 na KL ina hitilafu. Kazi ya homoni ya FGF23 ni kuziambia figo zitoe fosfati kwenye mkojo. Ikikosekana au isiposikika, figo nzima kabisa huirudisha fosfati kwenye damu. Ndiyo maana majibu huwa na sura ya pekee: fosfati juu, kalsiamu kawaida, kreatinini kawaida. Angalia pia meno, kwani mizizi yake huwa mifupi na minene kwenye picha. Wengine hupata vipindi vya mguu kuvimba, kuwa na joto na kuuma pamoja na homa. Hapa Uganda vipindi hivyo huchukuliwa haraka kuwa maambukizi ya mfupa au selimundu, na mtoto hulazwa kwa antibayotiki bila sababu.

Mwambie mpiga picha ampige mtoto akiwa amesimama. Kalsiamu iliyo katika majimaji hutuama chini na kuacha mstari ulionyooka ndani ya kila kifuko. Akilala, mstari huo haupatikani.

Matibabu huanza na fosfati: kupunguza soda za kola, soseji na vyakula vya kopo, na kumeza pamoja na chakula dawa inayoshika fosfati tumboni, kama sevelama. Asetazolamidi huongezwa ili figo zitoe zaidi. Upasuaji unafaa donge likizuia kutembea, likibana neva au likitoboka, lakini lazima litolewe lote pamoja na mifuko yake. Likiachwa kipande, hurudi, na mara nyingi kwa kasi kuliko mwanzo. Wazazi wote wawili huwa wabebaji, kwa hiyo kila mtoto wa tumbo hilo ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua. Wapime fosfati na ndugu zake.

Nilianguka na boda boda, kiwiko kikavimba. Sasa kimekuwa kigumu na hakikunjuki. Nikikande?

Usikikande. Hili ndilo swali ambalo jibu lake lingeokoa viwiko vingi kuliko dawa yoyote iliyotajwa hapa.

Msuli uliopondeka huvuja damu ndani. Badala ya damu hiyo kufyonzwa, seli za ukarabati wakati mwingine hugeuka kuwa seli za kutengeneza mfupa. Hapa si chokaa tu, ni mfupa kamili ndani ya msuli. Kila anapokuja fundi wa mifupa, akachua kwa mafuta ya moto na kuvuta mkono kwa nguvu ili unyooke, msuli huchanika upya, damu huvuja upya, na mfupa huongezeka. Kiwiko na paja ndivyo huathirika zaidi.

Mwendo wake ni huu. Wiki mbili za kwanza kuna uvimbe wa moto na eksirei haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi ya siku ya tano haimaanishi uko salama. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 huonekana wingu hafifu. Kufikia wiki ya 6 hadi ya 8 kunakuwa na ganda la mfupa pembezoni huku katikati kukiwa na mfupa kidogo. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu saratani ya mfupa huwa kinyume chake: mfupa mwingi katikati, kingo zisizoeleweka. Kinyama cha kupima kikichukuliwa wiki za mwanzo, hata mtaalamu anaweza kukisoma kama saratani na mtu akakatwa mkono bure. Kama hakuna dalili nyingine ya hatari, rudia picha baada ya wiki 3 au 4 kwanza.

La kufanya: siku 2 hadi 3 za mwanzo pumzisha mkono, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 kwa mara, funga bendeji ya mpira bila kukaza mno. Baada ya hapo, ukunje na kuukunjua mwenyewe mpaka pale maumivu yanapoanza, usipite. Mtu mwingine asiuvute. Kuutoa mfupa huo ni suala la baada ya miezi 6 hadi 12, ukishakomaa, na ikiwa tu unazuia kiungo. Kuuondoa mapema ni kuualika urudi.

Tahadhari moja kwa watoto. Kama madonge magumu hujitokeza mgongoni au shingoni baada ya kila kuumia kidogo, tazama vidole gumba vya miguu. Vikiwa vifupi na vimepinda kuelekea vidole vingine tangu kuzaliwa, simamisha kila kitu: usichukue kinyama, usichome sindano ya msuli. Huenda ni ugonjwa adimu sana wa jeni ya ACVR1, na kila jeraha kwa mtoto huyo linaweza kugeuka mfupa wa kudumu.

Eksirei ya paja imeonyesha punje nyingi nyeupe. Nimeambiwa ni minyoo. Kweli?

Inawezekana kabisa. Punje za ukubwa wa mchele, ndefu kidogo, zilizolala kufuata uelekeo wa nyuzi za msuli, ni vifuko vya tegu wa nguruwe waliokufa na kuzungukwa na kalsiamu. Kwenye msuli havihitaji dawa, kwa sababu mdudu ameshakufa.

Swali la kuuliza ni kama umewahi kupata kifafa au una maumivu ya kichwa yasiyoisha, maana vifuko hivyo hukaa pia kwenye ubongo, ambako baadhi vinaweza kuwa bado hai. Mwenye dalili hizo apigwe CT ya kichwa kabla ya kumeza albendazoli au prazikwanteli. Ukiishi kando ya Ziwa Albert au Ziwa Victoria, ambako prazikwanteli hugawiwa kwa ajili ya kichocho, mwambie mgawaji dawa kama umewahi kupata degedege ukubwani: dawa hiyo inaweza kuamsha uvimbe kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Na usimlaumu mtu kwa nyama ya nguruwe aliyokula. Nyama isiyoiva humpa mlaji tegu tumboni. Vifuko vya msuli hutokana na kumeza mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia mikono michafu, maji au mboga. Mwislamu asiyewahi kuonja nguruwe anaweza kuvipata kwa jirani asiye na choo.

Uzi mrefu uliojikunja, hasa kwa mzee wa Karamoja au kaskazini, huenda ni mnyoo wa Guinea wa miaka ya nyuma. Uganda ilithibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2009, lakini minyoo iliyokwisha kufa haiondoki kwenye picha.

Donge makalioni baada ya sindano za miaka ya nyuma?

Ni kawaida. Sindano za kwinini za msuli na za mafuta ziliua mafuta ya chini ya ngozi, na kalsiamu ikashika hapo. Lisipouma, liache. Mtoto asiyeweza kuchuchumaa huku magoti yakiwa pamoja ana tatizo jingine: msuli wa tako umekuwa kovu, na huyo anahitaji daktari wa mifupa.

Mkono wa mtoto mchanga umekuwa mgumu baada ya dripu.

Uliza kama alipewa kalsiamu glukoneti. Ikivuja nje ya mshipa, ngozi huwa nyekundu, kisha ngumu baada ya siku au wiki kadhaa. Kwa wengi huyeyuka yenyewe ndani ya miezi michache. Ngozi ikifa au kidonda kikifunguka, apelekwe kwa daktari wa upasuaji. Muuguzi anayeona dripu ya kalsiamu imevimba aizime papo hapo.

Nina ugonjwa wa figo. Kwa nini chokaa inanihusu?

Figo zilizochoka hushindwa kutoa fosfati. Inapopanda, tezi za parathiroidi huongeza homoni, mifupa huachia madini, na madini hayo hutafuta pa kukaa: viungo, macho, mishipa ya moyo. Hapa chakula kina maana kweli. Acha kwanza soda za kola na nyama za viwandani, kwa sababu fosfati iliyoongezwa kiwandani hufyonzwa karibu yote; ile ya maharage hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, kwa hiyo usianze kwa kujinyima maharage. Dawa ya kushika fosfati imezwe pamoja na mlo. Ukiimeza tumbo tupu umepoteza pesa. Na usikose dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), maana kila mzunguko unaokosa huacha fosfati yake mwilini.

Dharura ni hii: mabaka ya zambarau yanayouma vikali kwenye mapaja, tumbo au matako, ambayo baadaye hugeuka vidonda vyenye gamba jeusi. Huitwa kalsifilaksisi, mishipa midogo ya ngozi imeziba, na karibu nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya mwaka. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza hatari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri zamu ya dayalisisi.

Bega limeanza kuuma ghafla usiku, na picha inaonyesha kalsiamu kwenye kano.

Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 30 hadi 60, wanawake kuliko wanaume. Maumivu makali kuliko yote huja wakati mwili unaifyonza kalsiamu, kwa hiyo ni dalili ya kuelekea kupona. Asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito anaweza kutumia ibuprofeni 400 mg mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache. Bembeza mkono polepole ukiwa umeinama ili bega lisigande. Lisipotulia baada ya miezi, kalsiamu inaweza kuoshwa kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi.

Vidole vinatoka vinundu vyeupe na ngozi imekaza.

Kama vidole hubadilika rangi kwenye baridi na chakula hukwama kooni, fikiria skleroderma, ugonjwa wa kinga ya mwili unaokaza ngozi. Kwa mtoto mwenye upele wa kope na vifundo vya vidole vya mikono, anayeshindwa kupanda ngazi, fikiria dermatomayosaitisi, ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia ngozi na misuli. Kwa mtoto huyo, kutibu msuli mapema na kwa nguvu ndiyo kinga bora dhidi ya kalsiamu. Ikishajengeka, dawa kama diltiazemi, bisfosfoneti na sodiamu thiosulfati hujaribiwa, na matokeo hayatabiriki. Asiyekuambia hivyo anakuuzia kitu.

Je, si gauti?

Vinundu vya gauti navyo hutoa uji mweupe, lakini ni yuriki asidi. Kwenye eksirei kalsiamu hung'aa waziwazi, ya gauti huwa hafifu.

Limau, siki au mitishamba vitayeyusha?

Hapana. Asidi ya limau haifiki kwenye donge, na ikipakwa ngozini huchoma ngozi.

Donge limetoboka lenyewe. Nifanye nini?

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji nusu lita, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, kisha osha. Acha uji utoke wenyewe. Usikamue wala kuchokoa kwa sindano au wembe, kwani ukisukuma punje ndani unafungua njia ya vijidudu. Funika kwa shashi safi, badilisha kila siku. Usiweke majivu wala dawa ya meno. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Antibayotiki ni za pale ngozi inapokuwa nyekundu na ya moto, usaha unanuka, au una homa.

Nitajuaje kama ni saratani?

Kalsiamu kwenye picha haimaanishi donge ni salama. Baadhi ya saratani za tishu laini huwa nayo. Donge linalozidi sentimita 5, lililo ndani chini ya misuli, linalokua kwa wiki au linalouma usiku, lisiguswe na kisu cha kliniki ya mtaani. Kinyama kichukuliwe na timu itakayofanya upasuaji wenyewe, kwa sababu njia ya sindano ikipita pabaya huharibu uwezekano wa kuokoa mguu. Rufaa ni kwa hospitali ya mkoa, kisha Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago.

Niende wapi, na nibebe nini?

Kituo cha daraja la nne kinaweza kuchukua damu na kuandika rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Gulu, Arua na Mbarara, ni mahali pa eksirei na daktari wa upasuaji. Kwa figo, Kiruddu mjini Kampala. Kwa mtoto mwenye donge la kiungo, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, barabara ya Entebbe, hufanya upasuaji wa mifupa ya watoto.

Beba picha zenyewe, si karatasi ya maelezo tu. Beba majibu ya damu yenye tarehe, vidonge vyote unavyomeza vikiwa kwenye pakiti zake, na kipimo cha donge kwa sentimita kila mwezi, kilichopimwa kwa futi ya fundi cherehani mahali pale pale.